Upande wa Kushoto wa Odoyo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Odoyo ni jicho ambalo halikuwa jekundu.

Ukimpiga mtu picha kwa flashi ndani ya ukumbi wenye giza, naye akawa anatazama kamera, macho yake hutoka mekundu kama makaa. Kiangazi kile nilipiga watu wengi gizani. Wachimbaji, wauza bia, mabinti wa Sirari waliovaa viatu virefu, wote walitoka na macho mekundu, na hawakujali, walinunua hivyo hivyo. Odoyo peke yake alitazama kamera yangu wiki baada ya wiki, na jicho lake likabaki lilivyo.

Nilimwonyesha Bi Arafa.

"Mwanza wameharibu," alisema.

Bi Arafa ndiye aliyekuwa mwenye studio pale Tarime mjini, na picha za rangi tulizituma Mwanza kusafishwa. Kila kitu kibaya katika maisha ya Bi Arafa kilikuwa kimeharibiwa na Mwanza. Sikuuliza tena.

Ulikuwa mwaka ambao dhahabu ya Nyamongo ilikuwa juu juu, hata watu wakaacha kupalilia. Walikuja kutoka Musoma, Shinyanga na ng'ambo ya mpaka, wakachimba, wakapata, wakakosa, na Jumapili wote walitaka kupigwa picha. Mimi niliacha shule darasa la tano mama alipougua. Alipopona, hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Nilikuwa nafagia studio ya Bi Arafa na kukata picha kingo, na kwa kukaa pale nikajifunza kamera. Bi Arafa alikuwa mjane, Mwislamu mwenye heshima zake, hakuweza kuonekana kwenye ukumbi wa bia. Akanivalisha kamera shingoni, akaniambia, "Nenda wewe. Usinywe kitu, usicheze, usirudi na mkanda ambao haujaisha."

Ilikuwa rahisi kwangu kuliko alivyodhani. Mimi ni mtu wa haya. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, nashindwa nimjibu yupi kwanza. Lakini kamera inafunika uso, na mtu mwenye kamera haulizwi anatazama nini.

Bendi iliyovuma kiangazi kile iliitwa Radi. Walitoka upande wa Migori, ng'ambo ya mpaka. Mwanzo walipiga benga kama wenzao. Lakini wachimbaji masikio yao yalikuwa yameliwa na baruti, na kila bendi ilipoanza wao walipiga kelele, "Ongeza!" Olima, kiongozi wa Radi, akaongeza. "Ongeza!" Akaongeza tena, mpaka karatasi za spika zikapasuka na gitaa likaanza kukwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Bendi nyingine ingeona aibu. Wachimbaji walisimama wakashangilia. Olima hakuzitengeneza tena zile spika.

Waliuita muziki wa chuma. Hawakuucheza kwa kiuno. Waliruka, wakagongana mabega, wakatikisa vichwa kama ng'ombe wanaofukuza nzi. Dansi ilikuwa ya mchana, kwa sababu zamu za jioni ziliingia shimoni, lakini ukumbi wa Simioni kule machimboni ulikuwa wa mabati matupu bila dirisha, na mwanga uliingia kwenye matundu ya misumari tu. Vumbi lilipanda. Nilifunika lenzi kwa kitambaa, nikasubiri, nikafunua, nikapiga.

Nilisimama juu ya kreti za bia, kwenye kona iliyokuwa kushoto kwa bendi. Odoyo alisimama mwisho wa jukwaa upande huo huo, akiwa ameuelekeza uso kwa mpiga ngoma. Kila nilipoinua kamera, jicho lake la kushoto lilikuwa kwangu. Si mara moja. Angekuwa anainama, angekuwa anacheka na mwenzake, jicho lilikuwa kwangu. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Nikaanza kufika mapema ili nisikute kreti zangu zimechukuliwa.

Hatukuwahi kuongea. Mara moja tu, Mugumu, siku ambayo ukumbi ulijaa vijana wa Robanda na wale wanaofanya kazi kwenye hoteli za Ikoma, nilimfuata nje nikiwa na picha yake mkononi. Nilisimama karibu yake, mkono wake wa kushoto. Alikuwa anakunywa maji. Akamaliza, akafuta mdomo, akanipita kama mtu anavyopita mlango. Nikasema moyoni, naye ana haya kama mimi. Nikampenda zaidi kwa hilo.

Bi Arafa alikuwa wa kwanza kulalamika. Alishika picha zilizorudi, akazigawa mafungu mawili mezani.

"Hizi zina wateja. Hizi je?"

"Ni bendi."

"Ni bendi gani yenye mtu mmoja? We mtoto, huyu kijana amekuajiri yeye au nimekuajiri mimi?"

"Nitazinunua mimi, Bi Arafa."

"Zichukue. Nani mwingine atanunua picha ya mtu anafunga kamba za viatu?"

Nilizificha nyumbani, ndani ya bati la biskuti. Sikufikiri vizuri. Bati lile ndimo mama alimoweka nyuzi na sindano zake, na wiki ile ilibidi nguo za kila mtu zitazamwe vifungo, kwa sababu Jumapili watu wa Mseti walikuwa wanakuja.

Mseti nisimseme vibaya. Alikuwa jirani yetu tangu utoto, ana shimo lake machimboni, ana ng'ombe, hapigi mtu. Baba yake na baba yangu walikuwa wamekwisha zungumza, na siku waliyobakiza ilikuwa hiyo Jumapili ya kuja kwa heshima na kulimaliza neno. Mseti mwenyewe aliniambia jambo moja tu, kwa upole: "Mimi kamera haina shida kwangu, Gati. Lakini mke wangu hawezi kusimama juu ya kreti za bia." Nilimwitikia. Mimi humwitikia kila mtu.

Nilipoingia, mama alikuwa amezipanga picha zote juu ya mkeka.

"Gati. Huyu nani?"

"Mpiga gitaa."

"Naona ni mpiga gitaa, si ameshika gitaa. Nauliza ni nani kwako."

"Si mtu, mama."

"Si mtu. Amejaa kwenye bati la sindano zangu mpaka nimejichoma kidole, na si mtu." Akaanza kugonga picha moja moja kwa kile kidole. "Hapa anakutazama. Hapa anakutazama. Hapa kichwa amempa mwenzake, lakini jicho liko kwako. Mwanaume anayeiba jicho namna hii ana neno. Ni Mjaluo?"

"Sijui."

"Anaitwa nani?"

"Odoyo."

"Basi unajua."

Baba alikuwa mlangoni. Sisi tunamwita tata, kwa Kikurya, na watu wazima wanamwita Nyamhanga. Hakupandisha sauti. Alichuchumaa, akaziangalia picha kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyayo shambani asubuhi na kujua mnyama gani amepita.

"Watu wa Mseti wanakuja Jumapili," alisema. "Wakisikia kuna macho ya namna hii katikati, watasema tumewakaribisha kwenye chungu kilichokwisha onjwa."

"Tata, hajanigusa."

"Sijasema amekugusa. Nimesema anakutazama. Kamlete."

"Nani?"

"Huyo mwenye jicho. Aje aniambie kwa mdomo wake anamtazamia nini binti yangu. Kama ana neno, alitoe mbele yangu, nilisikie, niamue. Kama hana, watu wa Mseti wafike, na wewe kamera ya watu uirudishe."

"Mjaluo!" mama alisema. "Nyamhanga, unamwita Mjaluo mpiga gitaa aje atoe neno? Watu ambao kwao hawaingii jandoni?"

"Nimesema nitalisikia. Sijasema nitalikubali."

Kwa hiyo ikabidi mimi, ambaye sikuwahi kumsalimu Odoyo, niende kumwambia kwamba baba yangu anamwita kwa sababu ananitazama.

Alhamisi Radi walikuwa Tarime, wanapakia vyombo. Kesho kutwa walikuwa na dansi ya mwisho Sirari, kisha wangevuka, kwa sababu mvua zikianza barabara ya machimboni hukatika na bendi hurudi kwao. Odoyo alikaa nje juu ya sanduku la spika, anabadilisha nyuzi. Nilimjia kwa kushoto, kama nilivyozoea.

"Habari," nilisema.

Hakugeuka.

"Habari za kazi."

Aliendelea kukaza uzi. Ningeondoka. Nilikuwa nimekwisha geuza mguu mmoja. Olima ndiye aliyeniona, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

"Odoyo! Japicha amesimama hapo kama nguzo ya simu. Geuka bana!"

Japicha ndilo jina walilonipa, mtu wa picha. Odoyo akageuka, kwanza kichwa, halafu mabega, halafu mwili wote, mpaka jicho lake la kulia likanipata. Alinitazama polepole kuanzia kichwani. Nilikuwa nimetazamwa naye kiangazi kizima, lakini hili lilikuwa la namna nyingine. Lilikuwa na joto. Nikatazama chini.

"Kumbe ndiyo wewe japicha," alisema. "Mimi nilidhani ni mama mzee."

"Baba anakuita."

"Baba nani?"

"Baba yangu."

"Mimi? Nimefanya nini mimi?"

"Unanitazama."

Olima aliacha kufunga kamba. Mpiga ngoma naye akaacha.

"Nakutazama," Odoyo alirudia, kama mtu anayeonja maneno ya lugha ya wengine.

"Kwenye picha." Nilimpa moja. "Mama ameziona zote. Jumapili kuna watu wanakuja kwetu kwa ajili yangu. Baba anasema kama una neno, ukaliseme. Kama huna, ukaseme huna."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mwanaume yeyote. Aliishika picha, akaisogeza mbele ya jicho la kulia, akaigeuza kwenye mwanga. Olima alichungulia begani kwake, akaanza kucheka, akaona uso wa Odoyo, akakimeza kicheko.

"Japicha," Odoyo alisema. "Mimi sijawahi kukutazama. Hata siku moja."

Niliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia bei ya kitu alichokwisha kukitia kikapuni. Nikasema, "Sawa." Nikanyoosha mkono nirudishiwe picha yangu.

"Ngoja. Usiende hivyo." Akafunika jicho la kulia kwa kiganja. "Sasa simama popote. Nikuambie ukweli, ukisimama sitajua. Mimi kabla ya gitaa nilikuwa shimoni, huko huko Nyamongo. Baruti ilichelewa, mimi nikaenda kuangalia kwa nini imechelewa. Jiwe dogo tu, kama punje ya mtama. Tangu hapo hili jicho linatembea linakotaka. Mimi namwangalia mtu wa ngoma huku, lenyewe liko safarini kule."

"Watu hawajui?"

"Olima anajua. Ndiyo maana ananiweka mwisho wa jukwaa, nisigonge wenzangu."

"Taja na glasi, bana," Olima alisema. "Glasi zote za Simioni zimevunjwa na upande wa kushoto wa huyu mtu."

Nilifikiria Mugumu, alivyonipita kama mlango. Nilifikiria picha zote, na lile jicho ambalo halikuwa jekundu. Mwanza hawakuharibu kitu.

"Halioni kabisa?" niliuliza.

"Mwanga tu. Kama mtu amewasha kiberiti nyuma ya pazia. Ile flashi yako naiona."

"Unaona nini?"

"Kwamba kuna mtu upande ule." Akakaza uzi, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. "Kuna Jumapili moja haikuwaka. Mchana mzima. Nilikosea ule wimbo wa pili, uliza huyu."

"Alikosea," Olima alisema. "Aibu tupu."

"Nilikuwa na malaria," nilisema.

"Sikujua. Nilidhani umetuchoka."

Alisema hivyo bila kunitazama, anatazama nyuzi zake. Kisha akanirudishia picha kwa mikono miwili.

"Nitakuja kesho. Nitamwambia mzee ukweli. Ukweli si utamaliza hii maneno yote?"

"Utamaliza," nilisema.

Njiani nikaupima ukweli ule. Ulikuwa mzuri. Ungenisafisha kabisa mbele ya mama, mbele ya tata, mbele ya watu wa Mseti. Mtu asiyenitazama hana neno na mimi, na mtu asiye na neno hazuii ng'ombe kuingia zizini. Odoyo angesema ukweli wake, Jumamosi angevuka mpaka, na Jumapili mimi ningekuwa nimekwisha. Nilifika nyumbani nikamenya mihogo. Mama akaniuliza kama anakuja, nikasema anakuja.

Walikuja Ijumaa alasiri. Odoyo alivaa shati lililopigwa pasi. Olima alivaa koti zito katika jua lile, na mkononi alibeba sukari na majani ya chai vilivyofungwa kwenye gazeti. Mama Gladys, jirani yetu, aliwaona wakiingia, kijana na mtu mzima na mzigo, akapiga kigelegele kimoja juu ya ua kabla mama hajamnyamazisha kwa mkono.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni." Tata aliutazama mzigo. "Sukari ya nini?"

"Kwetu mtu haendi kwa mzee mikono mitupu," Olima alisema.

"Kwetu pia. Ndiyo maana nauliza. Mtu anayekuja kujieleza haji na sukari. Mtu anayekuja na sukari na msemaji amevaa koti, huyo anaposa."

Olima aliitazama sukari kama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Basi, mzee, hii ni sukari ya kujieleza."

Mama alikohoa ili asicheke. Akamwonyesha Odoyo kigoda. Kilikuwa kushoto kwake. Odoyo alikiinamia, akakikosa, akakigonga kwa goti, na kibuyu cha maziwa kilichokuwa karibu kikaanguka. Alipiga magoti haraka kukiinua, akapapasa, mkono ukapita pembeni ya kibuyu mara mbili. Nilimwona mama akiacha kucheka. Alilielewa jicho lile kabla ya tata. Alikiinua kibuyu mwenyewe, na kigoda akakihamishia upande wa kulia, bila neno.

Odoyo alieleza. Alieleza vizuri, bila kujihurumia: shimo, baruti, punje ya mtama. Tata alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akazunguka kwa miguu mitupu hadi kushoto kwa Odoyo, akainua fimbo yake karibu sana na sikio la kijana, kama anayetaka kumpiga. Odoyo aliendelea kuitazama nafasi ambayo tata alikuwa ameketi. Hakutikisa hata kope.

Tata akashusha fimbo. Akarudi kukaa.

"Pole, kijana. Baruti imekula wengi."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo binti yangu hukuwa unamtazama."

"Mzee, siwezi kusema nilimtazama mtu nisiyemwona. Uso wake nimeuona jana. Mara moja."

"Na ulipouona?"

Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwa Odoyo, karibu na mlango wa jikoni, mahali pangu. Niliona taya lake likikaza.

"Mzee, mimi ni mtu wa kupita. Sina ng'ombe. Mwanga wa upande mmoja umezima. Mtu kama mimi haji kwa watu kuanzisha neno."

"Kwa hiyo huna neno."

"Nimekuja kusema ukweli tu, mzee. Binti yako hana kosa."

"Umesema vizuri," tata alisema, na nilimsikia akishusha pumzi. Alifurahi kweli, si kwa ubaya. Alikuwa na binti ambaye jina lake limesafishwa. "Mama Gati, wape chai, wasiondoke na kiu. Na mtu apite kwa akina Mseti awaambie Jumapili waje bila wasiwasi."

Mambo yalikuwa yameisha. Yaliisha kwa adabu, kama yanavyoisha mambo mengi. Olima alikuwa anauliza habari za mavuno. Mama alileta vikombe, na pamoja na vikombe akaleta bati la biskuti, akalifungua mbele ya Odoyo.

"Chukua picha zako. Hapa hazina kazi tena."

Alizipokea. Alizisogeza mbele ya jicho la kulia, moja baada ya nyingine, na kadiri alivyozipitia ndivyo alivyopunguza mwendo. Chai yake ilipoa.

"Hizi zote ni za lini?" aliuliza.

"Za kiangazi hiki," mama alisema.

"Hapa hata sipigi. Hapa nakunywa maji. Hapa nimekaa tu." Akainua moja. "Hapa nafunga viatu. Hii ni Mugumu, hii machimboni, hii Sirari. Nani alipiga zote hizi?"

"Si huyo Gati," tata alisema. "Ndiyo kazi yake."

"Ndiyo, mzee. Nauliza tu."

Aliigeuza picha ya viatu, akatazama nyuma yake, ambako hakuna kitu, akaigeuza tena. Niliona shingo yake ikianza kugeuka kunitafuta, na ikasimama, kwa sababu alikuwa mgeni katika nyumba ya watu na baba wa binti alikuwa mbele yake.

Kila mtu alikuwa ameuliza kuhusu jicho lililo kwenye picha. Mama, tata, Bi Arafa, mimi mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kuhusu jicho lililokuwa nyuma ya kamera. Wala sasa hakuna aliyeniuliza mimi. Katika nyumba ile sikuwahi kusema kabla ya kuulizwa, tangu nizaliwe, na kama ningesubiri kuulizwa ningesubiri hadi Jumapili, na baada ya Jumapili ningeulizwa mambo mengine.

Niliinuka. Mama alidhani naenda kuongeza chai, akanisogezea birika. Nililipita. Nilizunguka nyuma ya kigoda cha Odoyo, nikatoka kushoto kwake, nikaja nikasimama kulia, mahali ambapo angeweza kuniona bila kugeuza kichwa. Sikuwa na kamera. Mikono sikujua niiweke wapi.

"Unatafuta nini, Gati?" tata aliuliza.

"Tata," nilisema, "yeye hakunitazama hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama, kiangazi chote, na Mseti akija Jumapili atanikuta bado namtazama huyu."